Somo wa Takaungu na Ndoa ya Nyanya Yangu

Takaungu nzima ilimwita Somo, nami sitamwita vinginevyo hapa. Kwetu pwani somo ni mwanamke anayemfunda mwari kabla ya harusi yake: humsinga mwili kwa manukato, humwogesha, humfundisha yanayofundishwa, kisha hufuatana naye hadi nyumba ya mume na kukaa naye mpaka fungate iishe. Mwari humwita mwanamke huyo somo maisha yake yote. Yeye alikuwa amewafunda wasichana wengi mno, mama na binti na mjukuu wa nyumba moja, hata cheo kikalimeza jina. Wauza samaki walimwita Somo. Imamu alimwita Somo. Fundi baiskeli aliyekaa karibu na njia panda naye alimwita hivyo, na kila mara alijibiwa kwa swali lile lile: "Wewe nilikufunda lini?"

Alikuwa mrefu na mwembamba, mwenye mwendo wa mtu asiyetarajia kupishwa lakini anayejua kwamba atapishwa. Alivaa leso za jozi moja siku zote, zikiwa mpya au zikiwa zimepauka. Mwanamke aliyejifunga leso ya rangi moja na kujitanda ya rangi nyingine alimhesabu kuwa mgonjwa, akamwuliza kwa sauti ya huruma mbele ya watu, "Pole mwanangu, unaumwa wapi?" Wengi walirudi nyumbani kubadilisha.

Aliongopa. Naliandika hili bila kusita, kwa sababu hata yeye hakulificha sana. Aliongopa kuhusu bei ya samaki aliyemnunua, kuhusu alikotoka na alikokwenda, na zaidi kuhusu umri wake. Mwaka 1979 aliniambia ana miaka sabini. Nilipomtembelea mwaka 1982 alikuwa na sitini na minane. Nilipomwonyesha hesabu yake inakwenda kinyume, alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekosa adabu, akasema kuna miaka ambayo haikuwa na faida yoyote kwake na haoni sababu ya kuihesabu. Lakini katika mambo ya ndoa za watu, nani alimwoa nani, nani aliachwa na kwa nini, niliamini kwamba hasemi ila kweli. Niliamini hivyo kwa miaka mingi, na imani hiyo ndiyo inayonifanya niandike habari zake.

Mimi aliniingiza ndani mwezi wa Agosti 1951, nikiwa na umri wa miaka kumi na sita. Watu hudhani kwamba somo hufundisha mambo ya chumbani peke yake. Hayo aliyamaliza asubuhi moja, bila haya na bila mapambo, kama mtu anayeeleza namna ya kuwasha jiko. Siku zilizobaki alinifundisha kugombana. Alisema kila mke atagombana na mumewe, na walio wengi huaibika si kwa sababu ya ugomvi bali kwa sababu ya maneno waliyoyachagua. Alinikalisha mbele yake, akajifanya mume wangu, akanilaumu kwa chumvi ya mchuzi na kwa kuchelewa kufungua mlango, na kila nilipojibu vibaya alinirudisha nyuma nianze upya. "Gombana kwa Kiswahili kizuri," alisema. "Kesho mtapatana, na maneno yako utayakuta bado yamekaa ukumbini."

Jambo la mume, alisema, liombe mara moja, kisha unyamaze hadi yeye mwenyewe aone haya. Nililijaribu hilo na marehemu mume wangu kwa miaka ishirini na mitano, na naweza kushuhudia kwamba lilifanya kazi isipokuwa katika suala la paa.

Yeye mwenyewe aliolewa na kuachwa mara tatu. Hakuna aliyethubutu kumtania kwa hilo, isipokuwa bibi harusi mmoja mwenye ulimi mrefu aliyemwuliza inakuwaje mwanamke aliyeachika mara tatu amfunde mwenzake. Somo alikuwa akimpaka hina, wala hakuinua macho. "Mimi nafundisha kuingia, mwanangu," alisema. "Kutoka nilijifunza mwenyewe, na huko sikufundishi, ukipenda utajifunza."

Mume wangu alipofariki mwezi wa Machi 1977, Somo alikuja Malindi, nilikokuwa nikiishi, na furushi lake bila kuitwa. Alikaa nami eda yote. Hakunibembeleza hata siku moja. Nilipolia alisubiri nimalize, kisha akaniuliza kama mchele wa jioni umechaguliwa. Siku ya kutoka edani alinimwagia maji kwa kata, polepole, kwa mkono ule ule ulionisinga nikiwa mwari, akanivisha, akafungua mlango wa mbele. "Sasa toka," aliniambia. "Na usitembee kama mtu aliyeazimwa njia."

Jambo moja hatukuwahi kupatana juu yake, nalo ni kusoma. Mwaka 1980, nikiwa na miaka arobaini na mitano, nilijiunga na darasa la ngumbaru hapa Malindi. Ninaona fahari kwa hilo hadi leo. Nilipoweza kuandika tarehe, nilihisi kama mtu aliyepewa funguo za nyumba yake mwenyewe. Nikaanza kupanga mwaka kwa mwaka kila nililolikumbuka na kila nililosimuliwa. Somo aliona ni ugonjwa. Alisema mwenye kuandika hufanya hivyo ili apate kusahau bila kulaumiwa. Mimi nilimwuliza lini, yeye alinijibu nani. Kwake hapakuwa na 1946. Palikuwa na mwaka wa harusi ya binti wa nahodha, mvua ilipoingia katika masufuria ya pilau na mashangazi wa bwana harusi wakala wakisifu mchuzi. Nilikwenda nyumbani na harusi zake, nikazigeuza kuwa miaka, na mara nyingi niligundua kwamba zimepangika barabara.

Alipenda Malindi kwa sababu ya kuwacheka watalii. Aliketi kibarazani kwangu akawatazama Wazungu wakipita wamewiva kwa jua, akasikitika kwa dhati. Alisema hawa ni watu waliolelewa bila mtu wa kuwaonyesha kivuli kiko wapi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwezi wa Aprili 1984 binti yangu wa mwisho aliposwa na kijana wa hapa Malindi, wa familia iliyotoka visiwa vya kaskazini. Kijana alikuwa mzuri, na binti alimtaka. Shangazi wa kijana ndiye aliyeleta maneno. Alikuja alasiri, akanywa chai yangu, akasifu viazi vya karai, na alipokwisha kusifu kila kitu akasema kwa upole mwingi, "Nyinyi ni watu wazuri, dada. Hilo halina shaka. Ila tumesikia nyanya yako, yule wa Sabaki, hakuolewa. Alichukuliwa tu."

Nilimwambia chai yake inapoa.

Maana ya maneno yake ilikuwa wazi. Babu yangu, mzaa baba, alikuwa Mswahili wa Takaungu. Nyanya yangu alikuwa Mgiriama wa Sabaki, mtu wa mashamba ya ng'ambo ya mto. Kuchukuliwa ni kukaa na mwanamume bila nikaha, kama walivyokaa wajakazi wa zamani na mabwana wao. Kama ni hivyo, baba yangu hakuzaliwa katika ndoa, na mimi, pamoja na kichwa changu kilichosimama, nilikuwa nimesimama juu ya kitu kisichokuwepo. Maneno hayo hayakuwa mageni masikioni mwangu. Nilikuwa nimeyasikia Takaungu utotoni, yakinyamazishwa kila nilipoingia ukumbini.

Niliwatumia wakwe ujumbe kwamba wangoje. Binti yangu alilia, akasema, "Mama, kijana mwenyewe hajali."

"Mimi najali," nilimwambia. Sikutaka kumtoa mtoto nyumbani kwangu na mnong'ono nyuma yake. Na sikutaka kuukanusha mnong'ono bila kujua ukweli wake, kwa kuwa huo nao ungekuwa uongo.

Nilipanda basi hadi Kilifi, nikavuka kwa feri, nikafika Takaungu adhuhuri. Nani angejua kama si Somo? Mama yake mzazi ndiye aliyekuwa somo wa mji ule kabla yake, zama za babu na nyanya. Nilimweleza. Kwanza aliuliza aliyesema ni nani. Nilipomtaja yule shangazi, alisema anawafahamu watu hao, kwamba zamani walikuwa wakila ndizi pamoja na maganda. Nilingoja aniambie harusi ya nyanya ilikuwa mwaka wa nani. Badala yake alisema, "Twende Sabaki. Kawaulize waliomtoa."

Nilidhani ni ukarimu. Mtu wa umri wake, umri wowote ule aliokuwa nao wiki hiyo, kukubali kufunga safari kama ile.

Tulikwenda mwezi wa Mei. Aliyetupokea ni mtoto wa ndugu yake Nyanya, mzee mwenye macho mekundu na kicheko cha karibu, aliyeishi kati ya minazi na mihogo yake juu kidogo ya mto. Somo alimtazama kwa shaka, kwa vile palikuwa na kibuyu cha tembo, pombe ile ya mnazi, nje ya mlango. Akaketi mbali nacho na leso yake puani. Mzee aliliona hilo, akakisogeza kibuyu karibu naye kidogo, kwa mchezo.

Nilimwuliza moja kwa moja. Nyanya yangu alitolewa, au alichukuliwa?

Mzee alianza kucheka kabla ya kujibu. Alieleza kwamba kwao mtu akija kuposa lazima alete tembo la mnazi, wazee wanywe, na kunywa kwao ndiko kukubali kwao. Babu yangu alikuja mikono mitupu. Alisema yeye ni Mwislamu, hawezi kubeba pombe. Wazee walisema wao si Waislamu, hawawezi kumtoa binti kwa midomo mikavu. Wakaachana hapo. Baada ya muda babu alirudi na vibuyu vya asali mbichi, iliyotoka mzingani siku ile ile. Akawaambia kwamba mkononi mwake ni asali, ni halali, na ikishaingia mikononi mwao yeye hana habari nayo tena.

"Ilikuwa na nyuki ndani," mzee alisema. "Hawakufa wote. Baba yangu aliumwa mdomo. Lakini waliitia maji, wakaingoja iumuke, wakainywa. Na sisi, dada, mtu akishakunywa hawezi kusema hakutoa. Babu yako, mpaka anakufa, tulimwita Mkwe wa Asali."

Somo alikuwa ameifunika midomo yake, mabega yakitikisika. Aliomba asimuliwe tena pale kwenye nyuki.

Nikauliza kuhusu nikaha. Mzee alisema babu alikuja na mwalimu wa chuo, na Nyanya alitamka shahada mbele ya watu, na kwa vile ndugu zake hawakuwa Waislamu, mwalimu yule alisimama badala ya walii wa kumwozesha, akaisoma ndoa pale pale uani. Ilikuwa lini? Baba yake mzee alikuwa kijana bado, na vita vya Wagiriama na Mwingereza vilikuwa havijaja. Niliandika kichwani: kabla ya 1914. Nilihisi uzito ukishuka kutoka mabegani mwangu.

Kisha mzee akaacha kucheka. Alisema jambo moja tu liliwauma wazee wake. Waliambiwa kwamba kwa Waswahili wanawake huja kumwandaa mwari na kumpeleka kwa mumewe. Wakapika, wakatandika mikeka, wakangoja. Wanawake wa Takaungu hawakuja, hata mmoja. Nyanya akaondoka na mumewe kwa miguu, na furushi lake kichwani, kama anayekwenda sokoni.

Njiani, tulipokuwa tukiteremka kuelekea daraja la Sabaki, nilimwuliza Somo sababu ya wanawake wale kutokwenda. Alikuwa akikaza mafundo ya leso yake. Alisema wanawake wa zamani walikuwa wavivu wa kutembea. Nilidhani amechoka.

Mzee wa Sabaki alikubali kuja Malindi kuyasema hayo mbele ya yule shangazi, naye akayasema, pamoja na nyuki. Shangazi alisema kwamba yeye tangu mwanzo hakuyaamini maneno ya watu. Harusi ya binti yangu ilifanyika Januari 1985. Somo alimfunda kwa bidii ambayo sijaiona tena. Wakwe waliajiri gari la kumpeleka bibi harusi. Somo alilikataa gari, akamshika mkono, akampeleka kwa miguu kutoka mlango wangu hadi mlango wao, wanawake wote wakifuata nyuma kwa viatu vyao vya harusi, wakinung'unika. Mmoja alimwambia miguu itamwuma kesho. Alijibu kwamba ni miguu yake.

Nilidhani yamekwisha. Lakini mwaka 1986, katika matanga ya jamaa mmoja huko Takaungu, nilimsikia mwanamke mzee akimnong'oneza mwenzake nyuma yangu, "Ndio wale wa nyanya aliyechukuliwa." Nilirudi Malindi na maneno hayo. Malindi walikuwa wameambiwa. Takaungu, kwao babu, alikoishi Nyanya na kuzikwa, hakuna aliyekuwa amewaambia kitu, na mimi sikuwa mtu wa kusimama njiani kuwaeleza watu kwamba nyanya yangu aliolewa.

Januari 1988 nililetewa habari kwamba Somo hawezi. Nilimkuta amelala kitanda cha kamba kando ya mlango wa uani, amepungua, leso zake zikiwa bado jozi. Mpwa wake aliyekuwa akimtunza alitaka kubaki. Somo akamtuma nje. Aliniambia nikae, si pale, bali hapa, anione.

"Yule mzee wa asali alisema kweli," alianza. "Walitumwa watu kuja kumwita mama yangu. Nilikuwa mdogo, nimeshika leso yake mlangoni. Akawaambia, 'Mimi siendi Sabaki kumwogesha Mnyika, mtu wa porini.' Wakarudi."

Nilimwuliza kama ni hayo tu.

"Si hayo tu. Watu walipomwuliza mbona mwari ameingia mjini na wewe hukumfuata, aliona haya kusema amekataa. Akasema hakukuwa na harusi." Alipumzika. "Nani angembishia? Ndoa zote za mji huu zilipita mikononi mwake. Asiyepita, watu walijua hakuolewa. Neno lilitoka mlangoni hapa, mwanangu, likaenda likakaa kwenu."

"Na ulipokuja nami Sabaki ulijua."

"Nilijua. Nilitaka ulipate. Sikutaka litoke kinywani mwangu. Ni mama yangu."

Nilikuwa na hasira, nayo haikuwa na pa kwenda, kwa sababu mbele yangu palikuwa na mkono uliolala juu ya shuka, nao ni mkono ulionifungulia mlango mara mbili katika maisha yangu. Nilimfikiria Nyanya akioga peke yake asubuhi ile. Kisha nikasema nililokuwa nalo.

"Mimi nimeshalijua, Somo. Walioko nje hawajalijua."

"Wewe ulikuwa mkaidi tangu siku niliyokusinga," alisema. "Niinue."

Nilimwita mpwa wake, tukamwinua, tukamwegemeza mlangoni akielekea uani. Palikuwa na majirani wamekaa mkekani wakichagua mchele, na miongoni mwao yule mwanamke mzee wa matangani. Somo alitengeneza leso yake kichwani kwanza. Sauti aliyoitoa haikuwa ya mgonjwa. Ilikuwa ile aliyoitumia kunyamazisha ukumbi wa harusi.

"Nyinyi mnanijua," alisema. "Nyanya wa huyu, mtu wa Sabaki, aliolewa. Ndoa yake ilisomwa, na watu wake walimtoa wakiwa radhi. Aliyekosa ni mama yangu. Aliitwa akakataa kwenda, kisha akasema hakukuwa na harusi. Ilikuwepo. Mkimsikia mtu anasema vingine, mwambieni Somo kasema hivi."

Nyungo zilisimama. Yule mzee wa matangani aliutazama mchele wake kana kwamba ameona jiwe. Ndipo Somo alipouinua mkono wake hadi mdomoni akapiga kigelegele. Hakuwa na meno, wala pumzi. Kilikatika katikati, akakohoa, akaanza tena. Wanawake walitazamana. Uani hapakuwa na bibi harusi, ila mimi mjane mwenye mvi, na mkoba wangu mapajani. Lakini hakuna mwanamke wa Takaungu anayeweza kuacha kigelegele cha Somo kianguke chini. Mpwa wake alikipokea, akafuata jirani mmoja, kisha wote, na yule mzee wa matangani akawa wa mwisho, lakini alipiga.

Mwanamke aliyekuwa akipita kichochoroni alisimama, akachungulia, akauliza leo kuna harusi ya nani.

Somo akamtajia nyanya yangu, kwa jina lake.